Mimba kama Ushahidi: Ustawi wa Ng'ombe na Uzazi katika Malisho ya Ankole tangu Sotoka hadi Leo

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya uhusiano kati ya ustawi wa ng'ombe na uzazi wao katika malisho ya Ankole, kusini-magharibi mwa Uganda, tangu sotoka ilipoingia mwanzoni mwa miaka ya 1890 hadi leo. Hoja kuu ni kwamba, kwa zaidi ya karne moja, sera za mifugo katika eneo hili zimepimwa kwa idadi ya vichwa, ukubwa wa ranchi na aina ya ng'ombe, ilhali kipimo kilichoeleza vizuri zaidi maisha ya mnyama, yaani uwezo wa ng'ombe jike kushika mimba tena baada ya kuzaa, kiliachwa pembeni hata baada ya kufanyiwa utafiti papo hapo Ankole katika miaka ya 1960. Makala yanapendekeza kwamba kiwango cha kuzaa na hali ya mwili wa mnyama vitumike kama vipimo vya kawaida vya ustawi katika sera za nchi jirani zenye malisho ya aina hii.

1.0 Utangulizi

Ng'ombe hubeba mimba kwa takribani siku 285. Kwa kuwa mwaka una siku 365, ng'ombe anayetarajiwa kuzaa ndama mmoja kila mwaka ana siku 80 tu za kupona uzazi, kunyonyesha, kurudi katika joto, kupandwa na kushika mimba nyingine. Katika siku hizo mwili wake hufanya hesabu isiyodanganya. Chakula anachokipata hutumika kwanza kumweka hai, kisha kumwezesha kutembea kutafuta majani na maji, kisha kutoa maziwa. Mimba mpya huja mwisho. Akiba ya mafuta ikiwa imekwisha, ubongo hupunguza homoni zinazopevusha yai, na ng'ombe hukaa miezi mingi bila kuonyesha dalili ya joto. Unyonyeshaji wenyewe huongeza uchelewaji huo.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Ng'ombe aliyedumu zizini kwa miaka minane ya uzazi atatoa ndama wanane iwapo anazaa kila mwaka, na ndama wanne iwapo anazaa kila baada ya miaka miwili. Mwenye ng'ombe huyo hatahesabiwa kuwa amepoteza mnyama yeyote. Hakuna mzoga uliozikwa wala ripoti ya ugonjwa iliyoandikwa. Hata hivyo, amepoteza nusu ya mavuno yake, na ng'ombe wake ameishi miaka hiyo yote katika hali ambayo mwili wake uliiona kuwa haifai kuleta kiumbe kingine duniani.

Kwa mtazamo huo, mimba inaweza kusomwa kama hati ya kihistoria. Inaeleza kama mnyama alikula, alikunywa, alipumzika na aliepushwa na maradhi katika miezi iliyotangulia. Makala haya yanaisoma hati hiyo katika eneo moja, Ankole, kwa sababu ndani ya karne moja eneo hilo limepitia karibu kila aina ya sera ya malisho iliyojaribiwa katika nchi za Maziwa Makuu: ukoloni, vita dhidi ya mbung'o, ranchi za uzio, hifadhi ya wanyamapori, ugawaji upya wa ardhi na ufugaji wa chotara.

2.0 Sotoka, vichaka na mbung'o

Kabla ya ukoloni, uchumi wa wafugaji wa Kihima katika ufalme wa Nkore ulisimama juu ya ng'ombe wenye pembe ndefu wanaojulikana leo kwa jina la Ankole. Mfugaji alimtambua kila ng'ombe kwa rangi na umbo la pembe zake. Kupe walitolewa kwa mkono, moshi uliwashwa zizini kufukuza nzi, na ndama aliruhusiwa kuanza kunyonya ili maziwa yashuke kabla ya mkamuaji kuchukua sehemu yake. Si sahihi kuyapamba maisha hayo kupita kiasi. Binadamu na ndama walishindania maziwa yaleyale, na kiangazi kikali kiliua. Lakini uangalizi ulikuwa wa mnyama mmojammoja, na ng'ombe aliyepitisha msimu bila mimba alijulikana.

Sotoka iliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880 na kufika Maziwa Makuu mwanzoni mwa miaka ya 1890, wakati Ntare wa Tano alikuwa bado akitawala Nkore. Katika baadhi ya sehemu za Afrika Mashariki inakadiriwa kwamba ng'ombe tisa kati ya kumi walikufa. Baada ya msiba wa aina hiyo, kundi halifufuki kwa amri ya mtawala wala kwa mkataba. Hufufuka kwa mitamba waliobaki, mimba moja baada ya nyingine. Uwezo wa jamii kurudi katika maisha yake ulitegemea majike wachache na majani waliyoyapata.

Madhara ya pili yalichelewa kuonekana. Palipokosa ng'ombe na watu, vichaka viliota juu ya malisho, na vichaka ni makazi ya mbung'o. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 mbung'o walisambaa kutoka upande wa Kagera na kuingia mashariki mwa Ankole. Nagana wanayoieneza haiui tu. Hupunguza damu, hukondesha, husababisha kutupa mimba na hudhoofisha mbegu za dume. Kundi linaloishi na nagana linaweza kuonekana zima kwa macho ya mhesabu vichwa huku likizaa kidogo mwaka hadi mwaka.

Jibu la serikali, hasa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, lilikuwa kufyeka vichaka na kuwapiga risasi wanyamapori waliodhaniwa kuwalisha mbung'o. Maelfu ya wanyama waliuawa ili ng'ombe warudi. Ni vyema mtafiti wa ustawi wa wanyama alikumbuke jambo hilo: afya ya mnyama mmoja ilinunuliwa kwa uhai wa mwingine, na gharama hiyo haikuandikwa katika hesabu ya mafanikio ya mradi.

3.0 Ranchi za uzio na kituo cha Ruhengere

Ardhi iliyookolewa kutoka kwa mbung'o haikurudishwa kwa wafugaji wote. Katika miaka ya 1960, kwa msaada wa Marekani, ulianzishwa Mradi wa Ranchi za Ankole. Kila ranchi ilikusudiwa kuwa na ukubwa wa takribani maili tano za mraba, yaani karibu kilomita za mraba 13, ikiwa na uzio, josho na bwawa la maji. Lengo lilikuwa nyama kwa ajili ya soko. Martin Doornbos na Michael Lofchie, katika uchambuzi wao wa mradi huo, walionyesha jinsi ugawaji ulivyowanufaisha watu waliokuwa karibu na madaraka. Wafugaji wengi waliokosa ranchi waliendelea kuishi ndani ya ardhi hizo kama maskwota, wakitegemea ruhusa ya mwenye ranchi ili ng'ombe wao wale na kunywa.

Katika kipindi hichohicho ulifanyika utafiti ambao, kwa maoni yetu, haujapewa nafasi unayostahili katika historia ya sera za mifugo za kanda hii. Katika kituo cha Ruhengere, ambacho leo huandikwa Ruhengyere, Sacker, Trail na Fisher waliwalinganisha ng'ombe wa Ankole, Boran na Zebu katika mazingira ya malisho ya asili, na kupandisha majike hao kwa madume wa Boran, Angus na Red Poll. Matokeo yalichapishwa mwaka 1971 katika mfululizo wa makala kuhusu uzalishaji wa chotara wa nyama magharibi mwa Uganda. Sehemu moja fupi ya mfululizo huo ilihusu athari za hali ya mwili.

Jina la mfululizo linaeleza mengi. Swali lililobebwa mbele lilikuwa: ni aina gani ya ng'ombe inayofaa? Swali la pili, yaani ng'ombe wa aina yoyote ile alikuwa na nyama kiasi gani mgongoni alipokutana na dume, lilibaki tanbihi. Ilhali maswali hayo mawili hayana uzito sawa kwa mfugaji. Aina ya ng'ombe hubadilishwa kwa miaka na kwa fedha nyingi. Hali ya mwili huweza kubadilishwa ndani ya msimu mmoja, kwa kupunguza idadi ya mifugo katika malisho, kusogeza maji karibu, kumwachisha ndama mapema au kupanga uzazi ukutane na mvua. Ankole ina misimu miwili ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Ng'ombe anayezaa mvua inapoanza huzipitisha siku zake 80 katika majani mabichi, lakini anayezaa kiangazi kinapoingia huzipitisha akitembea.

4.0 Dhana ya ustawi na safari yake hadi malishoni

Wakati majike wa Ruhengere wakikaguliwa, nchini Uingereza mjadala wa ustawi wa wanyama ulikuwa ukichukua sura nyingine. Kitabu cha Ruth Harrison, Animal Machines, kilitoka mwaka 1964, na kamati iliyoongozwa na Brambell ikatoa ripoti yake mwaka 1965. Hofu yao ilihusu wanyama waliofungiwa ndani: kuku katika vizimba, nguruwe na ndama katika vibanda finyu. Kutokana na mjadala huo zilizaliwa kanuni zinazojulikana kama uhuru wa aina tano: kuepushwa na njaa na kiu, na adha ya makazi, na maumivu na maradhi, na hofu na dhiki, pamoja na uhuru wa kuonyesha tabia za asili.

Kanuni hizo zilipofika Afrika Mashariki zilipokewa na wengi kana kwamba haziwahusu ng'ombe wa malisho. Mnyama anayezunguka uwandani, ilisemekana, yuko huru tayari. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Ng'ombe wa Ankole ana uhuru wa kutembea na kukaa na wenzake, ambao ng'ombe wa kizimbani hana. Lakini katika Agosti yenye vumbi anaweza kunyimwa uhuru wa kwanza kabisa, yaani wa kutoona njaa na kiu, kwa wiki nyingi mfululizo, tena mbele ya macho ya bwana wake ambaye naye hana pa kumpeleka. Mateso ya malishoni hayana kizimba kinachoweza kupigwa picha. Ndiyo maana yanahitaji kipimo kinachosomwa katika mwili.

Kipimo hicho kilipatikana ndani ya kanda. Mwaka 1986 kituo cha kimataifa cha utafiti wa mifugo barani Afrika kilichokuwa na makao yake Addis Ababa kilichapisha mwongozo wa Nicholson na Butterworth wa kupima hali ya mwili wa ng'ombe wa Zebu. Una ngazi tisa: aliyekonda, wa wastani na aliyenona, kila kundi likigawanyika mara tatu. Mpimaji hahitaji mizani. Hutazama mbavu, mifupa ya nyonga, uti wa mgongo na shina la mkia. Mchungaji mzoefu hujifunza haraka, kwa sababu macho yake yalikuwa yakifanya kazi hiyo kabla ya mwongozo kuandikwa.

Mwaka 2012 Shirika la Afya ya Wanyama Duniani lilipitisha sura ya kanuni zake inayohusu ustawi katika ufugaji wa ng'ombe wa nyama. Miongoni mwa vigezo vinavyotokana na mnyama mwenyewe, sura hiyo inataja mabadiliko ya uzito na hali ya mwili, pamoja na ufanisi wa uzazi. Kwa maneno mengine, ulimwengu uliyatambua rasmi kama vigezo vya ustawi mambo ambayo malisho ya Ankole yalikuwa yameyatolea takwimu miongo minne kabla.

5.0 Kufukuzwa, kugawanywa na kuzuiliwa

Miongo hiyo minne haikuwa ya utulivu. Miaka ya 1970 ilidhoofisha huduma za mifugo za serikali, na vita vya mwaka 1979 vikazidisha uharibifu. Josho lisilo na dawa ni shimo la maji machafu tu, na ndigana kali, inayoenezwa na kupe wa masikio, iliendelea kuchukua ndama. Oktoba 1982 maelfu ya watu walioitwa Wanyarwanda walifukuzwa Ankole. Mwaka 1983 ilitangazwa Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, na wafugaji waliokuwa wakitegemea maji na nyasi zake wakaondolewa. Baadaye eneo la hifadhi lilipunguzwa hadi takribani kilomita za mraba 260. Mwaka 1990, baada ya machafuko kati ya maskwota na wenye ranchi, serikali iliamua kuzigawa upya ranchi hizo. Mkondo huohuo ulivuka mpaka: wakimbizi waliorejea Rwanda na ng'ombe wao baada ya mwaka 1994 walikaa mashariki mwa nchi hiyo, na mwaka 1997 sehemu kubwa ya Hifadhi ya Akagera ikageuzwa kuwa makazi na malisho.

Maandishi kuhusu matukio haya yamejaa watu, na ndivyo inavyostahili. Lakini kila ng'ombe aliyefukuzwa pamoja na mwenyewe alikuwa na siku zake 80. Jike anayeswagwa kwa siku nyingi, bila majani ya kutosha na bila maji, huchelewa kushika mimba au huitupa. Hasara hiyo hufika katika familia mwaka unaofuata, kwa umbo la maziwa yasiyokuwepo na mtamba asiyezaliwa, wakati ambapo ripoti za tukio zimekwisha kufungwa.

Leo mazingira yamebadilika tena. Malisho yaliyogawanywa yamezungushiwa uzio na uhamaji wa msimu umepungua. Wafugaji wengi wa Kiruhura na Mbarara wamepandisha ng'ombe wao kwa Friesian ili wapate maziwa ya kuuza, na uamuzi huo umeingiza fedha katika kaya nyingi. Chotara, hata hivyo, anahitaji chakula na maji zaidi, na hustahimili kupe na jua kwa kiasi kidogo kuliko ng'ombe wa pembe ndefu. Matumizi makubwa ya dawa za kupe yamezaa kupe sugu, jambo ambalo watafiti wamelithibitisha katika wilaya hizo. Ugonjwa wa miguu na midomo nao hurudi mara kwa mara na kuleta karantini. Soko likifungwa, madume na maksai waliopaswa kuuzwa hubaki malishoni wakila nyasi za majike wenye mimba. Hivyo hatua inayokusudiwa kulinda afya ya kundi inaweza kupunguza uzazi wake, isipoambatana na mpango wa malisho.

6.0 Mipaka ya hoja

Msomaji anaweza kuuliza kama uzazi unatosha kuwa kipimo cha ustawi. Jibu ni hapana. Ng'ombe anaweza kushika mimba ilhali anakatwa pembe bila ganzi, anapigwa njiani kwenda mnadani au anasafirishwa bila maji. Uzazi pia unaweza kusukumwa kwa homoni bila kuboresha maisha ya mnyama. Tena kuna maradhi, kama ugonjwa wa kutupa mimba, yaani bruselosi, yanayoweza kuvuruga uzazi wa ng'ombe aliyenona. Kwa hiyo kiwango kizuri cha kuzaa si cheti cha wema.

Tunachodai ni kidogo zaidi, lakini kina nguvu. Kiwango kibaya cha kuzaa katika kundi la malisho karibu kila mara kina habari ya kueleza kuhusu njaa, kiu, uchovu au maradhi. Ni kengele, na kengele hailazimiki kueleza kila kitu ili isikilizwe. Faida yake nyingine ni kwamba maslahi ya mfugaji na ya mnyama hukutana hapo. Mshauri wa sera akizungumza juu ya ustawi kama jambo la huruma pekee, mfugaji atamsikiliza kwa adabu kisha ataendelea na kazi yake. Akimwonyesha kwamba jike aliyekonda wakati wa kuzaa ndiye atakayemnyima ndama wa mwaka ujao, watazungumza lugha moja.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Historia ya Ankole inaonyesha kwamba kila kizazi cha watunga sera kilikuja na kitu cha kuhesabu: vichwa vilivyosalia baada ya sotoka, maili zilizosafishwa mbung'o, ranchi zilizozungushiwa uzio, chotara waliozaliwa. Sensa ya mifugo ya Uganda ya mwaka 2008 ilipata ng'ombe milioni 11.4. Takwimu hiyo ina manufaa yake, lakini haielezi ni majike wangapi kati yao waliokuwa wakizaa kwa wakati, na kwa hiyo haielezi waliishije.

Tunapendekeza mambo manne. Kwanza, kiwango cha kuzaa na muda kati ya uzazi mmoja na mwingine viingizwe katika taarifa za kawaida za maofisa mifugo, hata kwa sampuli ndogo ya mazizi. Pili, hali ya mwili wa majike ipimwe mara tatu kwa mwaka, yaani mwisho wa kiangazi kirefu, wakati wa kuzaa na wakati wa kupandwa, kwa kutumia ngazi tisa za mwaka 1986, na mwongozo huo uandikwe kwa Kiswahili na kwa lugha za wafugaji wenyewe. Tatu, kila tangazo la karantini au la kuhamisha wafugaji liambatane na makadirio ya malisho na maji kwa majike wenye mimba na wanaonyonyesha. Nne, mipango ya kubadili aina ya ng'ombe itanguliwe na ukaguzi wa maji, nyasi, kupe na chanjo ya mitamba dhidi ya ugonjwa wa kutupa mimba, kwa maana dume bora hawezi kumpa mimba jike ambaye mwili wake umefunga mlango.

Ruhengyere bado ipo, sasa ikiwa miongoni mwa mashamba ya kituo cha taifa cha rasilimali jenetiki za mifugo. Ingefaa swali lililobaki tanbihi mwaka 1971 lirudishwe pale na kuwekwa mwanzoni, likiulizwa safari hii kwa niaba ya nchi zote zinazogawana malisho ya bonde la Kagera.